Soko la watu halisubiri kipenga

Hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, hofu ya AFCON 2027 imefika kabla ya mpira wenyewe. Uganda itaandaa pamoja na Kenya na Tanzania, na tayari nimetumiwa ujumbe wa sauti wa kuonya wazazi: ficheni mabinti, wageni wanakuja kuwanunua.

Onyo hili lina historia. Kabla ya Kombe la Dunia la Ujerumani mwaka 2006, zilivuma habari kwamba wanawake 40,000 wangeingizwa huko kwa ukahaba. Polisi wakajipanga, wakapekua madanguro. Kesi walizoweza kuzihusisha na mashindano zilikuwa 5. Miaka minne baadaye, 40,000 ile ile ikaibukia Afrika Kusini.

Sisemi watu hawauzwi. Wanauzwa, tena bila uwanja wala mashabiki. Wasichana wa Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, hasa kutoka wilaya ya Napak, wamekuwa wakipelekwa Kampala kuombaomba barabarani na Nairobi kutumikishwa majumbani. Kinachowasukuma ni njaa na ukame. Anayewachukua huenda ni mwanamke anayejulikana kijijini, anayeitwa shangazi. Wengine hupitishwa mpaka wetu huu kwa basi, wakapande ndege Nairobi kwenda kyeyo, yaani vibarua vya ughaibuni, nchi za Ghuba, ambako mara nyingi mwajiri huwapokonya pasipoti. Huyo binti ukimuuliza njiani atakwambia anakwenda kwa hiari yake. Sheria yetu ya Uganda ya 2009 ya kuzuia biashara ya watu haijali hiari ya namna hiyo: ridhaa ya aliyeuzwa haimwokoi aliyemuuza. Ila sheria haipandi basi.

Kama mpira una lawama, basi mimi naiona kwingine. Kijana wa jirani yangu, winga hodari, aliahidiwa majaribio ya klabu ya ng'ambo na mtu aliyejiita wakala. Mzee akauza ng'ombe wawili. Wakala akazima simu. Hao walipoteza ng'ombe tu, na nadhani walibahatika. Wapo vijana wa Afrika waliosafirishwa kweli, kisha wakatelekezwa ugenini bila hati wala nauli.

Kwa hiyo mabango ya 2027 yakichapishwa, yasiishie uwanja wa Namboole kule Kampala. Yaje hapa stendi, kwenye dirisha la tiketi za usiku za Nairobi, na yaandikwe Kikaramojong pia.