Majaribio ya Ruai Yanatuhusu Sisi wa Malindi

Majitaka ya Nairobi hayaishii Nairobi. Yakitoka kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka ya Ruai, mashariki mwa jiji, huingia Mto Nairobi, nao huingia Athi, Athi ikakutana na Tsavo ikawa Galana, na Galana ikifika kwetu ni Sabaki. Mwisho wake ni baharini, kati ya Malindi na Mambrui. Kwa hiyo siku mtambo wa Ruai utakapojaribu teknolojia za kisasa za kusafisha majitaka, sisi wa huku chini tuitwe barazani kabla mkataba haujatiwa saini.

Bahari si hoja peke yake. Visima vya Baricho, vinavyotupa maji sisi, Kilifi na hata Mombasa, vimechimbwa kwenye mchanga wa mto huo huo. Simtii mtu hofu na bilauri yake ya maji: mchanga ule ni chujio zuri, huzuia vijidudu vingi. Lakini una mipaka. Kabamazepini, dawa ya kifafa, inajulikana kwa kupenya mchanga wa kingo za mito bila kupungua sana. Na watafiti wameikuta dawa hiyo ndani ya Mto Nairobi, pamoja na antibiotiki na dawa za ARV.

Mabwawa ya Ruai siyadharau. Majitaka hukaa humo siku nyingi, bakteria wanakula uchafu, mwani unatoa oksijeni, jua linaua vijidudu, na bili ya stima inabaki ndogo. Kwa nchi yenye jua kama yetu huo ni mpango wa busara. Ila hayakubuniwa kuondoa mabaki ya dawa. Wala kipimo cha BOD, yaani oksijeni ambayo bakteria hutumia kula uchafu uliomo majini, ambacho Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 zilikiwekea kikomo cha miligramu 30 kwa lita, hakizioni dawa hizo. Mtambo unaweza kufaulu mtihani huo na dawa zikapita zake.

Wenzetu wametangulia. Uswisi walifunga mashine ya ozoni, gesi inayovunja dawa zilizomo majini, kwenye mtambo wa mji mdogo wa Regensdorf mwaka 2007, kisha kule Lausanne wakalinganisha ozoni na unga wa makaa maalumu ya kuchujia. Baada ya majaribio hayo ikaja sheria ya 2016, inayotaka mitambo iliyoteuliwa iondoe asilimia 80 ya mabaki yanayopimwa. Windhoek, Namibia, ndio mfano unaonigusa zaidi. Mji ule mkavu umekuwa ukigeuza majitaka kuwa maji ya kunywa tangu 1968, na haukuanza kabla ya kujaribu kwanza. Mtambo wao mpya wa 2002 una ozoni, makaa na utando wa kuchuja, hatua moja baada ya nyingine.

Lakini matokeo ya Uswisi hayafai kuletwa Ruai kama yalivyo. Majitaka ya Nairobi yana mafuta ya jikoni, maji ya viwandani na mchanga unaosombwa na mvua. Utando wenye vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho utaziba baada ya wiki ngapi? Ozoni haiwekwi akiba, hutengenezwa papo hapo kwa umeme. Stima ikipotea usiku, maji yanakwenda wapi? Tena ozoni huvunja dawa vipande, na vipande hivyo vinahitaji chujio jingine nyuma yake. Karatasi ya muuzaji haitakwambia hayo. Kontena moja lenye mashine ndogo, likivuta maji kidogo kutoka bwawa la mwisho kwa mwaka mzima, masika na kiangazi, litakwambia.

Mwaka mzima una sababu yake kwetu pia. Kaskazi ikivuma, tope la Sabaki husukumwa kusini hadi kwenye ufuo wa mji na matumbawe ya hifadhi ya bahari. Kusi ikiingia, hupelekwa upande wa Ngomeni. Kwa hiyo sampuli zichukuliwe pia kwenye daraja la Sabaki na Baricho, misimu yote miwili.

Na nina ombi mahususi: yajaribiwe makaa ya vifuu. Duniani kote vifuu vya nazi hutengenezewa makaa ya kuchujia maji. Huchomwa bila hewa ya kutosha, kisha hupitishiwa mvuke kwenye joto la nyuzi 900 hivi mpaka yafunguke vitundu. Gramu moja ikawa na eneo la zaidi ya mita za mraba 500 la kunasa dawa. Huku Kilifi vifuu tunavitia jikoni vikaishia majivu. Yapimwe kando ya makaa ya kuagiza, kwa maji yale yale, tuone yanachoka lini.

Najua nitaambiwa Malindi isafishe kwake kwanza. Ni kweli, nyumba zetu nyingi zinategemea septiki na vyoo vya shimo, na mwamba wa matumbawe tulioukalia unavuja. Basi Ruai wakimaliza mwaka wao, kontena lile lipakiwe lorini liletwe Malindi, lilishwe majitaka ya magari yanayonyonya vyoo vyetu, na matokeo yasomwe kwa Kiswahili mbele ya wavuvi, wenye mahoteli na kina mama wanaonunua maji kwa mtungi.