Nimefia Salama

Simu yangu imekula K. Si utani. Mwezi uliopita niliinama kufunga kamba za viatu, ikachomoka mfuko wa shati, ikatua kifudifudi. Tangu siku hiyo ina ufa unaoanzia kona ya juu kushoto, unateremka kimshazari kama mto kwenye ramani, unakatiza katikati ya herufi na kumaliza kazi palepale ilipo K. Ukibonyeza K, kimya. Bonyeza mara 10, bonyeza kwa kidole gumba, bonyeza huku unapiga bismillahi, kimya.

Hebu jaribu wewe kuishi kwa Kiswahili bila K. Kaka yangu sasa anaitwa "Aa". Bosi nilimwamkia "Shiamoo muu", akanijibu kwa alama ya kuuliza, moja, peke yake. Mama watoto nilimwandikia "Naupenda", akauliza unaupenda nini. Ile programu ya kusahihisha maneno niliizima zamani, ilikuwa inanigeuzia Kiswahili changu kuwa lugha za watu. Lakini balaa lenyewe lilikuwa siku niliyosafiri. Nimeshuka salama, mzigo wangu mkononi, nikamwandikia mama yangu mzazi: "Mama, nimefia salama." Alinipigia akilia. Nikamwambia mama, mimi ni mzima. Akazidi kulia. Ikabidi nimtajie majina ya shangazi zangu wote kwa mfuatano wa kuzaliwa ndipo akaamini si mzimu.

Nikasema basi, inatosha, nanunua simu. Na safari hii sitaki simu ya kubahatisha. Nataka ile ukiiweka mezani, watu wanapunguza sauti. Kosa langu ni kwamba niliomba ushauri.

Maana kwenye ukoo wetu kuna madhehebu mawili. Mpwa wangu ana Samsung Galaxy S25 Ultra, iliyotoka mwanzoni mwa 2025. Shemeji yangu ana Google Pixel 9 Pro XL, iliyotoka Agosti 2024. Zote Android, zote kubwa, zote za watu waliojipanga. Mimi niliuliza swali moja dogo, ninunue ipi, na leo ni wiki ya tatu hawajanyamaza.

Mpwa alifungua kikao. "Anko, hii ina megapikseli 200." Megapikseli, kwa sisi wengine, ni mamilioni ya vidoa vinavyounda picha. Aliitamka hiyo 200 kama mtu anayetaja mashamba ya babu yake. Shemeji akatabasamu lile tabasamu la watu wa Pixel, la mtu aliyeokoka, akasema, "Yangu 50, na inakushinda." Mimi mwanafunzi wa hesabu za kujumlisha nikajua mchezo umeisha: 200 ukigawa kwa 50 ni 4, Samsung oyee, tukalale.

Sikulala. Saa 7 usiku nikaanza kusoma mwenyewe, na huko ndiko nilikokuta maajabu. Kumbe hiyo kamera ya 200, ukipiga picha ya kawaida tu bila kuchokonoa mipangilio, inakusanya vidoa 16 na kuvifanya kimoja. Vidoa vyenyewe ni vidogo mno, kimoja kimoja hakipati mwanga wa kutosha, basi vinachangishana. Picha inayotoka ina megapikseli kama 12. Nikakimbilia kwa Pixel. Nayo inakusanya vidoa 4 kwa kimoja. Gawa 50 kwa 4. Kumi na mbili na ushee!

Yaani watu wazima wamegombana wiki tatu juu ya 200 na 50, wamefikia kunyimana salamu, na zote mbili mwisho wa siku zinakutolea 12. Unaweza kuilazimisha Samsung ikupe zote 200, ipo hiyo njia, ila ujue faili litakalotoka lina kitambi.

Asubuhi nikawaambia. Hawakukubali. Wakasema tupime. Paka wetu alikuwa amelala juu ya kiti, hana habari na lolote, wakamsimamia kila mmoja upande wake kama waandishi wa habari. Kacha. Kacha. Wakanitumia kwa WhatsApp, ambayo nayo, kama mjuavyo, huikamua picha kwanza kabla ya kuipitisha, kama mtu anayekamua nguo. Nikafungua. Paka wa kwanza ana ufa kwenye paji la uso. Paka wa pili ana ufa kwenye paji la uso. Wakauliza kwa pamoja, "Ipi nzuri?" Nikatazama kwa makini ya daktari. Nikasema hii ya pili, ufa wake umekaa vizuri zaidi.

Wakahamia kwenye kuvuta karibu. Samsung inavuta mpaka mara 100, Pixel mpaka 30. Mpwa akatoka nje usiku kunionyesha mwezi. Mwanangu, mwezi mimi nauona bure tangu nizaliwe, na haujawahi kuniomba chaji. Tena ukiuliza vizuri unaambiwa lenzi zenyewe, kwa simu zote mbili, zinaishia kuvuta mara 5. Ukipita hapo mbali unaingia kwenye hesabu na kubahatisha kwa mashine. Kubahatisha hata mimi naweza.

Uzito? Samsung gramu 218, Pixel gramu 221. Gramu 3! Shemeji na mpwa walipimana kwa viganja, huku wamefumba macho, kila mmoja akiapa ya mwenzake ni jiwe. Kioo? Inchi 6.9 kwa 6.8. Betri? Ujazo wake mAh 5000 kwa 5060, na hizo 60 nadhani ndizo za kuwashia simu uone chaji imeisha.

Halafu kuna suala la titani. Samsung imezungushiwa fremu ya titani, chuma cha vyombo vya angani. Pixel ni aluminiamu. Mpwa alinipa mhadhara mrefu juu ya titani, nikasikiliza, nikamwambia haya nionyeshe hiyo titani. Hakuweza. Imevaa kava la mpira, jeusi, limekolea jasho pembeni. Nikamgeukia shemeji, yake nayo imevalishwa, ina na pete ya kushikia kidole. Basi tumenunua mpira, wajomba. Na kioo kimepewa jina la gorila, sokwe mzima yule wa msituni, lakini siku hiyohiyo ya kununua unabandikiwa protekta ya kumlinda gorila.

Kalamu nayo. Samsung ina kalamu imejificha tumboni. Mimi kalamu za kawaida nimepoteza ngapi tangu darasa la kwanza, nitatunza ile nyembamba kama njiti? Zamani kalamu hiyo ulikuwa unaweza kuitumia kupiga picha ukiwa umesimama mbali, unabonyeza kitufe, kacha. Kwenye S25 Ultra wameondoa Bluetooth ndani yake, hakuna tena hiyo. Mpwa nikimkumbusha hilo anasema kwani nani alikuwa anaitumia. Na ni kweli, hakuna. Ila kitu changu nisichokitumia bado ni changu.

Pixel kwa upande wake imewekewa kipimajoto mgongoni, karibu na kamera. Unakisogeza karibu na kitu, kinakwambia joto lake. Shemeji amepima ukuta. Amepima sufuria. Amepima soksi, sijui alitafuta nini kwenye soksi. Alipomsogelea mama mkwe kwa nia ya kumpima paji la uso, kikao kiliahirishwa.

Lakini niseme ukweli, kuna kitu kimoja cha Pixel kilinishika moyo. Mimi ndiye mpiga picha wa ukoo. Harusi, mahafali, wageni, mimi ndiye "hebu tupige". Matokeo yake, ukipekua picha zetu za miaka 15 utadhani watoto hawa walilelewa na mama peke yake. Sasa Pixel 9 imekuja na ujanja: unapiga kundi, halafu mwingine anashika simu, wewe unasimama pembeni, mashine inaunganisha picha mbili na wewe unatokea. Nilijaribu. Nilijiona nimesimama na familia yangu, mkono wangu umetanda hewani karibu na bega la mke wangu, haujagusa, kama jini mstaarabu. Hata hivyo nilifurahi.

Kuna na ule ujanja mwingine wa kuchagua nyuso. Mkipiga picha kadhaa mfululizo, inachukua uso mzuri wa kila mtu na kuubandika kwenye picha moja. Shemeji akasema hii itatusaidia kwa baba mdogo, maana baba mdogo hajawahi kutabasamu kwenye picha. Tulimpiga picha 9. Mashine ikatafuta. Haiwezi kubandika tabasamu ambalo halikuwahi kuzaliwa. Akatoka vilevile, amekunja uso kama anadaiwa, pembeni ya watu 11 wanaocheka.

Ukitaka maoni yangu ya kitaalamu, mimi niliyesomea kwenye kioo cha nyufa, ni haya. Kama wewe ni mtu wa magemu mazito, Samsung. Chipu yake, yaani ubongo wa simu, Snapdragon 8 Elite, ina nguvu kuliko Tensor G4 ya Pixel, hilo hata shemeji analikubali akiwa hayupo mpwa. Kama wewe ni mtu wa watoto na picha za familia na hupendi menyu zenye vyumba 40, Pixel. RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, Pixel ina GB 16, Samsung ina 12, na mimi nikifungua WhatsApp na tochi kwa pamoja nahesabu nimefanya kazi nzito.

Kisha wakaniletea hoja ya mwisho, ile wanayokubaliana: masasisho ya miaka 7. Kampuni zote mbili zimeahidi. Miaka saba! Mtoto anazaliwa, anaota meno, meno yanang'oka, anaanza shule, simu bado inapokea Android mpya. Ni jambo zuri sana, kwa watu wengine. Mimi hakuna simu yangu iliyowahi kufa kwa uzee. Ya kwanza ilizama ndooni. Ya pili niliikalia. Ya tatu iliondoka na basi, mimi nikabaki kituoni. Zote zimekufa vifo vya ghafla, zikiwa na afya njema. Kuniahidi mimi miaka 7 ni kama kumpa kuku kalenda ya sikukuu.

Wanachonyamazia ni vile vilivyoondoka. Mwaka 2016 Google walipotoa Pixel ya kwanza, kwenye tangazo walijisifu kwamba tundu la hedifoni lipo. Mwaka uliofuata Pixel 2 ikaja, tundu hakuna. Upande wa Samsung, S10 ya 2019 ndiyo ya mwisho katika ukoo wa S kuwa nalo. Mwaka 2021 S21 ikaja bila sehemu ya kadi ya kumbukumbu, na chaja nayo ikatoka kwenye boksi. Pixel 6 mwaka huohuo nayo boksi likapungua, chaja hakuna. Sasa hivi unanunua simu ya kifalme, unafungua boksi kwa heshima, ndani simu, waya, na kisindano cha kutolea laini. Watu wanabishana ipi inameza wati 45 na ipi wati 37, na hakuna hata moja inayokuja na cha kumezea.

Na ile ya kuchomoa betri! Zamani simu ikizubaa unabandua mgongo, unatoa betri, unaipuliza, unairudisha, inapona. Katika ukoo wa S wa Samsung, Galaxy S5 ya 2014 ndiyo iliyofunga ukurasa huo. Leo simu ikizubaa na wewe unazubaa nayo.

Basi juzi usiku nikaamua iwe isiwe nitachagua. Nimejilaza, jedwali la kulinganisha liko mbele yangu, Samsung kushoto, Pixel kulia, ufa katikati kama mpaka wa nchi. Fisi wa njia panda angalau alisikia harufu ya nyama. Mimi nasikia harufu ya betri inayochemka. Chaji asilimia 31. Nikateremka kusoma kuhusu betri. Asilimia 12. Nikafika kwenye bei.

Bei siitaji hapa, mama watoto ana WhatsApp.

Ninachosema ni kwamba nilisoma ile namba, nikadhani ufa umeongeza tarakimu. Nikaigeuza simu. Nikaifuta kwa ncha ya shuka. Namba ikabaki. Asilimia 4, kisha giza, na kwenye kioo cheusi nikajiona uso wangu mwenyewe, umegawanyika vipande viwili, kila kipande kina maoni yake.

Kesho yake nikaenda kwa fundi. Hakuniuliza habari ya megapikseli. Alibandua kioo, akaweka kingine, akapuliza, akanirudishia, akasema jaribu. Nikabonyeza K. Ikatokea! Nikaandika kkkkkkkk mpaka akanitazama. Nikaandika kuku, kaka, kikapu, kukurukakara. Halafu, kwa mikono inayotetemeka, nikamwandikia mama yangu: "Shikamoo mama, nakukumbuka sana, kesho nitakuja kukuona."

Haikupita dakika, simu ikaita. Sauti ya mama, kali, si ile ninayoijua.

"Wewe ni nani? Umeitoa wapi hii simu? Mwanangu hana K."