Jina alilotoka nalo jandoni

Usiku mmoja wa mwezi wa kumi na moja, tukiwa zamu kwenye nyumba ya kulelea wazee hapa Leicester, Uingereza, mwenzangu wa kazi alitoa karatasi kwenye mkoba, akaiweka kando ya kikombe chake cha chai, akaniomba nisaini. Alikuwa ameachana na mumewe, hakutaka tena kuitwa kwa jina la yule bwana. Karatasi aliichapa mwenyewe nyumbani, mistari michache tu: kwamba analiacha jina la zamani, kwamba atatumia jipya katika mambo yake yote, na kwamba anawataka watu wote wamwite hivyo. Nikasaini mimi, akasaini na mpishi, basi. Nilikuwa nimemfahamu miezi mitano.

Wiki hiyohiyo mjomba wangu, mkulima wa Newala, alinipigia simu kuwa pesa yake ya korosho imegoma kuingia benki. Jina halikulingana.

Hapa lazima niwaeleze wasiotoka kusini mwa Tanzania. Kwetu, kwa Wamakonde na kwa Wayao pia, mtoto wa kiume haondoki jandoni na jina aliloingia nalo. Siku ya kutoka likumbi, yaani kambi ya jando, ananyolewa, anavishwa nguo mpya, ngoma zinalia, na anatajwa kwa jina lake jipya, mara nyingi la mkubwa wa ukoo. Kuanzia hapo, kumwita kwa lile la utotoni ni kumtukana. Kijiji kizima kinajua, mpaka watoto.

Shule haikujua. Mjomba aliandikishwa darasa la kwanza kabla ya jando, na jina lile likamfuata mpaka cheti cha darasa la saba. Alipokwenda kujiandikisha NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, akatoa cheti hicho, kitambulisho kikatoka na jina ambalo hakuna mtu aliyemwita nalo kwa zaidi ya miaka hamsini. Akaunti ya benki ikafuata kitambulisho. Lakini kwenye daftari la AMCOS, chama cha ushirika kinachouza korosho za wakulima, yeye ni yule anayejulikana na watu, yule wa jandoni. Msimu huo malipo yalipopelekwa benki kwa orodha, ya kwake yakarudi.

Sheria yetu inayo njia, na njia yenyewe ina asili hukuhuku Uingereza: hati ya kubadili jina, ile mawakili wanayoiita didi poli (deed poll). Neno hilo la pili lina maana ya ukingo ulionyooka. Zamani mkataba wa watu wawili uliandikwa mara mbili kwenye ngozi moja, kisha ukakatwa kwa meno-meno ili vipande viweze kuoanishwa baadaye. Hati ya mtu mmoja haikuhitaji meno, ilikatwa kwa mstari ulionyooka. Ni neno la mtu peke yake. Ndiyo maana Mwingereza aliyefikisha miaka 16 anaweza kuiandika mwenyewe mbele ya mashahidi wawili, na akitaka iingie kwenye kumbukumbu za umma, akishafika miaka 18 anaipeleka mahakama kuu ya London kwa ada inayozidi kidogo pauni 50.

Kwetu hati hiyohiyo inapitia kwa wakili, inasajiliwa kwa Msajili wa Hati, ndipo urudi NIDA, kisha benki. Kwa mtu wa mjini ni usumbufu wa siku kadhaa. Kwa mjomba ilikuwa basi la kwenda Mtwara, kulala gesti mara mbili kwa sababu mhusika hakuwepo ofisini, na wakili. Nilipojumlisha nilizotuma, zilikaribia bei ya gunia zima la korosho.

Najua hoja ya kujibu. Tuna matapeli, tuna watu wanaotembelea vyeti vya wengine. Mwaka 2017 serikali ilitangaza watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na tangu hapo kila karani anaogopa. Sipendi jina libadilishwe mezani penye chai kama nilivyoona hapa. Lakini ushahidi gani unazidi ule wa mjomba? Mwenzangu alikuwa na mimi na mpishi. Mjomba ana kungwi wake ambaye bado yu hai, ana waliotoka naye likumbi msimu mmoja, ana mwenyekiti wa kijiji. Wote hao hawana nafasi hata moja kwenye ile hati. RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, imeweza kushusha cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa chini ya miaka mitano mpaka zahanati na ofisi ya kata, huko Mtwara na Lindi. Basi na hili lishuke. Mtendaji wa kata akae na wazee wawili watatu, waandike kwamba huyu na huyu ni mtu mmoja, na hakimu wa mahakama ya mwanzo agonge muhuri.

Mimi mwenyewe huku naitwa kwa jina la babu. Fomu za Waingereza zinachukua jina la mwisho, na la mwisho kwangu ni lake. Kila barua ya bili inayodondoka mlangoni inamwita marehemu, na kila mara moyo unanishtuka.

Siku ya hati nilikuwa kwenye simu, binamu yangu ameiweka spika. Wakili alipaswa kumsomea mjomba alichoandika kabla hajasaini, akaanza: "Mimi," akalitaja lile jina la utotoni, kwa sauti, mbele ya watu wa ofisini, "naliacha." Nikasikia kimya. Binamu aliniambia baadaye kwamba mzee aliinamisha kichwa, akavua kofia, akaishika mapajani mpaka wakili alipofika kwenye jina la pili. Hapo akaitika.