Alizeti haina kesi ya kujibu

Kila mafua yanapoanza kuzunguka mtaani, simu yangu hujaa ushauri. Safari hii ilikuwa sauti ya mama mdogo kwenye WhatsApp, dakika nne nzima: "Mwanangu, hayo mafuta ya alizeti acheni. Yanawasha moto mwilini. Virusi vikiingia vinakuta kuni zimeshapangwa." Akamalizia kwa kunielekeza duka linalouza vidonge vya mafuta ya samaki. Nilimjibu kwa shikamoo na ahadi ya kufuatilia. Nimefuatilia, na sikubaliani naye, ingawa siwezi kusema amelizua jambo hewani.

Moto anaousema ndio madaktari wanauita inflamesheni. Kamusi zina neno mchochota, ila sijawahi kulisikia likitamkwa kwenye daladala. Tazama kidole kilichochomwa na mwiba: kinakuwa chekundu, kinapata joto, kinavimba, kinauma. Mapafu yenye virusi nayo huvimba namna hiyo, na huko uvimbe unakula nafasi ya pumzi.

Sehemu ya moto huo inatokana kweli na mafuta. Ukuta wa kila seli umejengwa kwa mafuta, na omega-6, aina ya mafuta iliyojaa kwenye alizeti na mahindi, mwili unaweza kuigeuza kuwa asidi ya arakidoniki. Hiyo ndiyo malighafi ya prostaglandini, kemikali zinazopandisha homa na kuleta maumivu. Aspirini hufanya kazi kwa kuzuia utengenezaji wake. Mwanasayansi Mwingereza John Vane alilionyesha hilo mwaka 1971, na mwaka 1982 akapewa Nobel pamoja na Waswidi wawili waliokuwa wamezichambua kemikali hizo. Omega-3 za samaki, EPA na DHA, hugombania vimeng'enya vilevile vinavyotengeneza kemikali hizo, na kinachotoka huwa hakina makali sana. Tena mtafiti Charles Serhan na wenzake huko Boston walionyesha kwamba mwili hutumia EPA na DHA kutengeneza rezolvini, kemikali ambazo huusaidia moto kuzimika.

Hadi hapo mama mdogo anaongoza bao moja. Lakini mwili una breki zake. Watu wazima walipoongezewa omega-6 ya mafuta ya mbegu katika majaribio, dalili za inflamesheni kwenye damu hazikupanda, maana kiasi cha arakidoniki hakifuati tu ulichomimina kikaangoni.

Na moto wenyewe tunauhitaji. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani waliwalisha panya mafuta ya samaki kisha wakawaambukiza influenza. Panya hao walipambana na virusi vibaya kuliko wenzao. Mwaka 2013 watafiti wa Japani wakaeleza kwamba protektini D1, kemikali inayotokana na DHA hiyohiyo, iliwasaidia panya wenye influenza kali. Ukitaka kuuza vidonge utasoma utafiti wa pili. Ukitaka kumtisha muuza vidonge utasoma wa kwanza. Mimi nasoma zote mbili na kukumbuka deksamethasoni. Juni 2020 jaribio la RECOVERY la Uingereza lilionyesha kwamba dawa hiyo, inayozima inflamesheni, ilipunguza vifo vya wagonjwa wa UVIKO-19 waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia kwa takriban theluthi moja. Kwa ambao hawakuhitaji oksijeni haikuleta faida yoyote: moto huzimwa pale unapozidi.

Panya tuwaache. Jaribio ninalolipenda ni la Norway. Kule wana mafuta ya ini la samaki wa bahari baridi, wanayaita tran, na vizazi vya watoto vimekunywa kijiko huku wamekunja uso. Desturi ni kuyanywa katika miezi yenye herufi r. (Kwa Kiswahili tungebaki na Januari, Februari na Aprili tu. Wanangu wangeshangilia.) Msimu wa baridi wa 2020 na 2021, watu wazima zaidi ya 34,000 waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu wakapewa mililita 5 za tran kila siku, kijiko cha chai kimoja, na nusu wakapewa mafuta mengine yasiyodhaniwa kuwa na kinga, kwa muda wa hadi miezi 6. Matokeo yakatoka kwenye jarida la kitabibu la BMJ mwaka 2022. Maambukizi ya korona, UVIKO-19 mkali na magonjwa mengine ya njia ya hewa: hakuna tofauti.

Na unajua yale mafuta mengine yalikuwa nini? Ya mahindi. Yamejaa omega-6, zile kuni za mama mdogo. Waliozinywa nusu mwaka hawakuugua kuliko waliokunywa tran.

Utasema Wanorway wanakula samaki tangu utotoni, kwa hiyo kijiko kimeongezwa kwenye chungu kilichojaa. Hoja hiyo naikubali. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2016 unaiunga mkono: wajawazito 736 walipewa mafuta ya samaki au ya zeituni katika miezi mitatu ya mwisho, na watoto wa waliopewa ya samaki walipata pumu na maambukizi ya mapafu kwa kiasi kidogo zaidi. Kinga dhidi ya pumu ilionekana zaidi kwa watoto wa akina mama waliokuwa na EPA na DHA kidogo kwenye damu. Kwa hiyo asiyekula samaki aanze, na hapa kwetu dagaa na vibua havihitaji kopo wala lebo ya Kizungu.

Kinachonikera ni biashara inayofuata hofu. Mwaka 2021 jirani yetu alimeza vidonge vya aina hii siku nne, anahema kama aliyepanda mlima, akisubiri "vifanye kazi". Alipofikishwa hospitali aliwekewa oksijeni usiku huohuo. Alipona, ila zile siku nne mkewe hazitaji bila kutikisa kichwa.

Haya yote nimemtumia mama mdogo, kwa sauti, dakika sita. Kajibu kwamba amesikia, ila chupa ameshainunua na hawezi kuitupa. Nimemwambia ameze tu. Pumzi ikibana, anipigie mimi kabla ya kwenda dukani.