Mzazi akiambiwa ana baipola, watoto waende kwa nani?

Daktari akishatamka baipola, ugonjwa wa akili, kikao cha ukoo hakichelewi. Mgonjwa bado yuko wodini, au ametoka juzi na ulimi mzito kwa sababu ya dawa, na mashangazi tayari wamekaa mkekani kugawana watoto. Mkubwa aende bweni. Wa kati aende kwa bibi kijijini. Mdogo akakae kwa baba mdogo Koboko mpaka mambo yatulie. Nimeyaona haya Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, nimeyasikia Bombo na Busia, na wakimbizi wa Kongo walioko kambi ya Nakivale wanasimulia yaleyale, ila wengi wao hawana hata bibi wa kumpelekea mtoto.

Upande wa pili wako wauguzi wa afya ya akili na wagonjwa waliokwisha kupata nafuu. Hao wanasema ugonjwa una dawa, mzazi ni mzazi, watoto wabaki nyumbani. Pande zote mbili zinawapenda watoto, ndiyo maana mjadala huu unauma. Mimi niko na wanaosema wabaki, lakini kwa masharti ambayo upande huo huyaruka upesi mno.

Mashangazi hawasemi ovyo. Baipola humpandisha mtu na kumshusha. Akipanda, kwa wiki nzima au zaidi analala saa chache tu na wala hachoki, anaongea bila kituo, ana mipango kumi kwa mara moja, na pesa hazikai mkononi. Akishuka, kwa wiki kadhaa hata kuoga kunamshinda. Kati ya vipindi hivyo anaweza kuwa mzima kabisa, miezi au miaka. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 40 duniani walikuwa wanaishi na ugonjwa huu, kwa hiyo si jambo la nyumba moja yenye laana.

Sasa weka watoto watatu katika nyumba ya mtu aliyepanda. Ada ya muhula iliyokuwa kwenye simu inatumwa usiku kwa mtu aliyekutana naye sokoni mchana. Mbuzi wawili wanauzwa kwa bei ya mmoja. Siku ya kwanza watoto hufurahi: soda, mandazi, kesho hakuna shule. Siku ya nne mama yuleyule anafoka kwa kuwa kijiko kimeanguka, na saa nane usiku anawaamsha wafungashe, wanahama.

Kinachonisumbua zaidi lakini ni kipindi cha kushuka, maana hakina kelele na majirani hawakioni. Binti wa miaka kumi anaamka gizani, anawasha sigiri, anakoroga uji, anamfunga mdogo wake mgongoni na kusimama nje ya duka akingoja lifunguliwe akakope sukari. Anafika shule wenzake wamekwisha kutoka mstarini. Watu wanamsifu, mtoto huyu ana akili ya mtu mzima. Hakuna anayeuliza ameitoa wapi. Anayesema "wabaki tu, ugonjwa una dawa" bila kumtaja binti huyu hajaijibu hoja ya mashangazi hata kidogo.

Hata hivyo, tazama kikao kinaitishwa lini. Watu wengi hupewa jina la ugonjwa huu miaka kadhaa baada ya dalili za kwanza. Kabla ya hapo wametibiwa malaria, wamesomewa na shehe, wameombewa kanisani, au wamepewa dawa za sonona peke yake, ambazo kwa mwenye baipola zinaweza kumpandisha. Miaka yote hiyo watoto walikuwa mle ndani, ada ilipotea mara mbili tatu, na ukoo ulisema huyu mama ana kichwa kigumu. Kisha anapata daktari anayejua anachotibu, anaanza dawa zinazofaa, na hatari kwa watoto inaanza kupungua. Hapo ndipo wanapochukuliwa.

Kina mama wengine wanatazama. Mwanamke ambaye halali wiki ya pili, na anajua kwamba jirani yake alikwenda kliniki akarudi akakuta nyumba tupu, hatakwenda kliniki. Atasema ni uchovu. Atakayekuwa ameshaanza dawa atazificha chini ya unga, au ataziacha ili aonekane mzima mbele ya wakwe. Dawa za baipola ni za kunywa hata siku unapojisikia vizuri, na kuziacha ghafla ni njia ya haraka ya kurudi wodini. Kwa hiyo uamuzi unaochukuliwa kwa jina la usalama wa watoto unaishia kuwaacha watoto wengi zaidi na wazazi wasiotibiwa.

Sheria ya nchi nayo haiko upande wa kikao. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 31, inasema kulea watoto ni haki na wajibu wa wazazi, na kwamba watoto wasitenganishwe na familia au walezi wao bila ridhaa yao isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Haisemi "isipokuwa mzazi awe na kadi ya Butabika", hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili iliyoko Kampala. Najua wachache watakwenda mahakamani kwa jambo la aina hii, na sisemi waende. Lakini ni vizuri mzee wa ukoo ajue kwamba mgonjwa anayekataa kuwatoa wanawe hafanyi ukaidi.

Na mgonjwa akiwa baba? Baipola huwapata wanaume na wanawake kwa viwango vinavyokaribiana, lakini sijawahi kusikia kikao cha kumnyang'anya baba watoto. West Nile, yaani eneo la Arua na Koboko, kama kwingi Uganda, mahari ikishatolewa watoto ni wa ukoo wa baba. Mama akiugua, watoto wanabaki upande wa baba na yeye ndiye anayesindikizwa kwao na begi lake. Baba akiugua, mke anaambiwa avumilie, afiche panga, amwombee. Baba aliyepanda anauza kibanja, anaendesha boda usiku kucha kwa kasi ya kutisha, anampiga mtu kwa neno dogo, na watoto wanabaki palepale. Kama hofu ingekuwa usalama wa mtoto peke yake, kanuni ingekuwa moja kwa wote wawili. Mashangazi wanaotumia hoja ya usalama waanze kuitumia kwa kaka zao pia, ndipo nitaisikiliza yote.

Bweni silizungumzii sana. Kwa kijana wa sekondari aliyekuwa anakwenda hata hivyo, sawa. Mtoto wa miaka sita kupelekwa bweni kwa sababu mama yake amelazwa, bila kuelezwa chochote, ni kumpa msiba wa pili juu ya wa kwanza.

Kinachostahili kujadiliwa kwa kina katika kikao ni usiku. Kwa mwenye baipola, kukosa usingizi ni kichochezi kikubwa cha kupanda, na pia ni dalili ya mapema kwamba ameanza kupanda. Mtoto mchanga anaamka mara nne. Mwenye surua anahitaji kukandwa mpaka alfajiri. Dawa nazo, nyingi zake zinaleta usingizi mzito, kwa hiyo mama anajikuta anachagua kati ya kunywa kidonge na kumsikia mwanawe akilia. Wengi wanachagua mtoto, ambavyo ndivyo mama yeyote angefanya, na baada ya wiki mbili wamepanda tena. Baada ya kujifungua hatari ni kubwa zaidi: kati ya wanawake wenye baipola, karibu mmoja kati ya watano hupata kipindi kikali, mara nyingi katika wiki chache za mwanzo.

Kwa hiyo badala ya mtoto kwenda kwa bibi, bibi aje. Au shangazi, au binamu aliyemaliza shule na hana kazi. Alale chumba kimoja na mtoto mchanga, ampe maziwa usiku, mama alale saa zake. Yule binti wa miaka kumi aondolewe sigiri na mgongo wake uachwe huru. Nauli ya basi ya mtu mzima mmoja kutoka kijijini si zaidi ya gharama ya kusafirisha watoto watatu na magodoro yao, na ukoo wetu unajua sana kufanya hivi: mtu akifiwa, nyumba hujaa wanawake wa kupika kwa siku kadhaa bila kuitwa. Mtu akitoka wodi ya akili, nyumba hiyohiyo hukimbiwa. Hapo ndipo ningependa mashangazi waelekeze nguvu zao, na wanazo nyingi.

Dawa zenyewe zinahitaji mtu wa pili anayezielewa, kwa sababu zinagusa uzazi. Sodiamu valproeti, inayotumika sana pia kwa kifafa, ikinywewa wakati wa mimba karibu mtoto mmoja kati ya kumi huzaliwa na kasoro za mwili, na watatu hadi wanne kati ya kumi hupata matatizo ya ukuaji wa akili. Mwanamke anayeweza bado kuzaa aulize mapema kama kuna dawa nyingine inayomfaa. Asiiache kimyakimya akishaona amebeba. Kabamazepini hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na vipandikizi, na wengi huambiwa hilo wakiwa tayari na mimba. Lithiamu inasaidia sana, hata kupunguza vifo vya kujiua, lakini inataka vipimo vya damu, na mwili ukikauka maji inaweza kuwa sumu. Kwa sisi tunaofunga Ramadhani katika joto la West Nile, hilo ni la kuzungumza na daktari kabla ya mwezi kuandama. Kwenye vituo vya serikali dawa hizi hutolewa bure zikiwepo, na zisipokuwepo mgonjwa anaambiwa akanunue. Ukoo uliokuwa tayari kuchanga nauli ya kuwahamisha watoto unaweza kuchanga vidonge vya mwezi huo.

Ziko siku ambazo watoto waondoke, na hapa sikubaliani na wanaosema wabaki kwa vyovyote. Mzazi akianza kuamini kwamba mtoto ameingiwa na kitu, au kwamba mtoto ni adui. Akisema anataka kufa, hasa akisema atakwenda na wanawe. Akiwa hajalala siku kadhaa na ameanza kutoka nao usiku. Siku hiyohiyo watoto walale kwa jirani, na mzazi afikishwe hospitali. Hospitali za rufaa za mikoa kama Arua, Gulu, Mbale na Mbarara zina vitengo vya afya ya akili, si lazima mtu asafirishwe mpaka Kampala. Hakuna haja ya kikao.

Ila makubaliano ya siku hiyo yafanywe mapema, mgonjwa akiwa na akili yake timamu na sauti yake ikihesabiwa. Wagonjwa wetu wengi hutembea na daftari la shule ambamo wauguzi huandika tarehe na dozi. Kurasa za nyuma za daftari hilo ziko wazi. Aandike mwenyewe: nikianza hivi na hivi, ujue napanda. Watoto waende kwa fulani, si kwa fulani. Ada isikae kwenye simu yangu, ikae kwa dada. Kibanja kisiuzwe bila saini ya mtu wa pili. Na aandike watarudi lini. Nimesikia vikao vingi vikitaja watoto wanakokwenda. Sijasikia hata kimoja kikitaja siku ya kurudi. Matokeo yake wiki mbili zinakuwa muhula, muhula unakuwa mwaka, na kitinda mimba anamzoea mama mdogo na kumwogopa aliyemzaa.

Watoto nao waambiwe. Si yote, na si kwa lugha moja kwa mtoto wa miaka minne na wa kumi na minne, lakini wajue kwamba mama ana ugonjwa, una dawa, haukusababishwa na wao, na kwamba siku ya hofu waende nyumba fulani. Wanaopinga husema utamtia mtoto aibu shuleni. Lakini mtoto anayejua kusoma ameshalisoma daftari, na jina la Butabika ameshalisikia kama tusi uwanjani. Kinachobaki ni kama ataelezwa na mama yake au na wanaomcheka. Kuna jambo lingine pia. Mtoto mwenye mzazi mmoja mwenye baipola ana uwezekano wa karibu mmoja kati ya kumi kuupata mwenyewe, mara nyingi kuanzia umri wa ujana. Wengi sana hawaupati. Yule atakayeupata atahitaji kukaa karibu na mtu anayezijua dalili, na katika ukoo mzima mtu huyo ni mzazi wake.

Kuhusu nani aamue kwamba mzazi amepona vya kutosha watoto warudi, si haki kuwaachia wakwe wanaomchungulia dirishani wakitafuta kosa. Afisa kliniki wa magonjwa ya akili au muuguzi anayemwona kila mwezi aulizwe, mgonjwa akiwepo: analala saa ngapi, anakunywa dawa, pesa zinakaa? Yakiwa sawa kwa wiki kadhaa, watoto warudi wote pamoja, si mmoja kwa majaribio, na bibi abaki nyumbani mwezi wa kwanza.