Kiharusi cha pili na akili ya mgonjwa

Mgonjwa wa kiharusi akiruhusiwa kurudi nyumbani, wageni huuliza yale yale: mkono umeanza kushika? Anatembea? Akijikongoja na fimbo hadi barazani, familia inamshukuru Mungu. Habari za akili haziulizwi. Miezi inapita, kisha mama aliyeendesha genge miaka yote anashindwa kurudisha chenji, ingawa majina ya wajukuu anayataja bila kukosea. Wanawe wanasema ni uzee.

Wapo wataalamu wanaoonya tusiharakishe kukibebesha kiharusi lawama ya akili kufifia, nao wana hoja. Mwaka 2009 Pendlebury na Rothwell wa Oxford walijumlisha tafiti nyingi wakaona kwamba mgonjwa mmoja kati ya kumi alikuwa na dimentia, yaani maradhi ya ubongo yanayofifisha kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, kabla hata ya kiharusi cha kwanza. Presha na kisukari huharibu mishipa midogo ya ubongo kimyakimya kwa miaka, kwa hiyo kiharusi na dimentia huenda ni watoto wa mama mmoja. Tena aliyeumia sehemu ya ubongo inayoshughulika na lugha, au aliyezama kwenye sonona, huweza kudhaniwa amepoteza kumbukumbu na kumbe sivyo.

Ila ukiusoma uchambuzi huohuo hadi mwisho, mizani inahama. Mmoja mwingine kati ya kumi hupata dimentia muda mfupi baada ya kiharusi cha kwanza. Kiharusi kikirudi, wanaokuwa nayo wanazidi theluthi moja. Theluthi nzima! Kama chanzo kingekuwa uzee na presha peke yake, idadi ya viharusi isingeleta tofauti kubwa kiasi hicho. Utaniambia anayepigwa mara ya pili pengine mishipa yake ilikuwa mibovu zaidi tangu awali. Sawa, lakini utafiti mwingine wa Oxford, wa 2019, ulionyesha kuwa ukubwa wa jeraha nao una uzito: ndani ya mwaka mmoja dimentia iliwapata 34% ya waliopata kiharusi kikali, 8% ya waliopata chepesi, na 5% ya wale ambao dalili zao zilipita zenyewe.

Huku kwetu Tanzania hesabu hiyo si ya kupuuza. Utafiti uliochapishwa 2010 ulikuta Dar es Salaam viharusi vipya vipatavyo 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na wilayani Hai, Kilimanjaro, 109, baada ya kurekebisha tofauti za umri wa wakazi. Hukohuko Hai, kati ya wazee wa miaka 70 na zaidi, kama 70% walikuwa na presha ya kupanda na 6.4% walikuwa na dimentia. Kupima dimentia nako si lazima kalamu wala kisomo. Kipimo kilichojaribiwa Hai kinamtaka mzee, pamoja na maswali machache, apange njiti za kiberiti kwa kuiga umbo alilooneshwa. Njiti nne. Sijui kliniki gani ya presha inayokosa kiberiti.

Wenye shaka wana karata moja zaidi: jaribio la Marekani la SPRINT MIND, la 2019. Kushusha presha, ile namba ya juu, chini ya 120 kulipunguza udhaifu mdogo wa kumbukumbu kwa 19%, ila kwa dimentia yenyewe nafuu iliyoonekana haikutosha kuthibitisha kitu. Ni kweli. Lakini matibabu ya jaribio hilo yalikatizwa mapema, na watu waliowahi kupata kiharusi hawakuingizwa kabisa. Haliwezi basi kutusemea kuhusu kiharusi cha pili, ambacho tunajua vidonge vya presha hupunguza uwezekano wake. Na ndivyo vidonge ambavyo mgonjwa wetu huviacha mkono ukishaanza kushika kikombe, maana kichwa hakimuumi na anajiona amepona.