Uraia wa Mhindi wa Kariakoo: nani anadaiwa ushahidi?

Agosti 2025, siku chache baada ya serikali kutangaza amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, nilikwenda Mtaa wa Uhuru kununua kanga za arobaini ya shangazi yangu. Duka ni lile lile alilokuwa akinunua mama. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi, na alikuwa anakunja doti juu ya kaunta. Kijana mmoja aliyekuwa anapita na mzigo begani akachungulia mlangoni: "Mzee, nyie mnafunga lini?" Hakuwa na hasira. Aliuliza kama anayeuliza bei.

Mzee hakumjibu. Alivuta droo ya chini, akatoa faili la plastiki, akaliweka mbele yangu mimi ambaye sikumuuliza kitu. Cheti chake cha kuzaliwa, Dar es Salaam. Cheti cha marehemu baba yake, Bagamoyo. Kitambulisho cha taifa. "Soma, mwanangu," akasema.

Amri yenyewe naiunga mkono. Wafanyabiashara wa Kariakoo walilia muda mrefu kwamba wageni waliokuja kwa jina la uwekezaji wanauza rejareja, wanatengeneza simu, wanashindana na kijana aliyeanza na mtaji wa laki moja. Nchi yoyote ina haki ya kuwawekea watu wake nafasi hiyo. Na amri inasema "asiye raia", haisemi Mhindi, Mchina wala Mwarabu. Tatizo ni kwamba barabarani watu hawasomi amri, wanasoma sura.

Wanaosoma sura nao wana historia yao, na si haki kuwaita wabaguzi tukaishia hapo. Hoja ya uzawa, yaani kwamba uchumi ushikwe kwanza na Waafrika wenyeji, ile iliyovuma miaka ya 1990 na ambayo mwanasiasa Iddi Simba aliitetea waziwazi, inatoka mahali halali. Enzi za Mwingereza kulikuwa na sheria ya kudhibiti mikopo kwa wenyeji: ukimkopesha Mwafrika bila kibali cha serikali, huwezi kumdai mahakamani. Kwa hiyo Mhindi wa jumla alimkopesha Mhindi wa rejareja, na Mwafrika akabaki kununua kwa taslimu. Uhuru ulipofika maduka yalikuwa upande mmoja na makuli upande wa pili, na serikali ya kikoloni ndiyo iliyopanga hivyo. Anayeuliza leo kwa nini mtaji bado una rangi anauliza swali la kweli. Mwaka 2004 ikatungwa Sheria ya Taifa ya Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi, na neno "mzawa" likapisha "mwananchi". Wapo walioona serikali imekimbia hoja. Mimi naona ilichagua vizuri, maana mwananchi utamtambua kwa sheria, lakini mzawa utamtambua kwa nini kama si kwa kumtazama usoni?

Lawama ya pili inachoma zaidi. Kwamba hawachangamani: wana shule zao, hospitali zao, wanaoana wenyewe kwa wenyewe. Mama yangu mdogo alifanya kazi za ndani Upanga miaka tisa. Kikombe chake cha chai, cha bati, kilikaa peke yake dirishani, nje ya kabati la vyombo. Watoto wa nyumba ile aliwalea yeye, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuvuka Mnazi Mmoja kuja kumwona anapokaa. Sitamwambia mama mdogo kwamba anakosea kuwa na kinyongo.

Lakini nenda ukasimame hapo Mnazi Mmoja, chini ya mnara wa Mwenge. Upande mmoja Uhindini na maghorofa yake, upande wa pili Kariakoo. Uwanja huu haukubaki wazi kwa bahati. Mwingereza aliugawa mji kanda tatu kwa aina ya nyumba: za Kizungu, za maduka ya Wahindi, na za udongo na makuti, kisha katikati akaacha nafasi ya kuwatenganisha. Wenyeji wa mji wakaziita Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, na majina hayo hayajatoka mdomoni hadi leo. Shule zilitengwa kwa rangi. Hata uchaguzi wa 1958 na 1959 ulikuwa wa kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake imeharibika. TANU yenyewe haikuwafungulia uanachama wasio Waafrika hadi 1963. Watu wakiwekwa kwenye vyumba vitatu miaka yote hiyo, milango ikifunguliwa hawatoki siku hiyo hiyo.

Na wengine walitoka. Amir Jamal, Mhindi mzaliwa wa Mwanza, alishika Wizara ya Fedha zaidi ya mara moja. Mwaka 1965 wapiga kura wa Morogoro walimrudisha bungeni, na hapa Dar es Salaam wakamchagua Derek Bryceson, Mzungu mkulima, wakati wagombea Waafrika walikuwepo. Mwananchi wa kawaida hakuwa na shida aliyokuwa nayo mwanasiasa.

Sasa karatasi. Oktoba 1961 bunge lilijadili nani awe raia wa Tanganyika, na wabunge kadhaa walitaka uraia uwe wa Waafrika tu. Mwalimu Nyerere akasema hoja hiyo ikipita, yeye na serikali yake watajiuzulu. Sheria ikapita bila rangi: aliyezaliwa hapa na mzazi wake mmoja akazaliwa hapa, alikuwa raia moja kwa moja tarehe 9 Desemba 1961. Wengine walipewa miaka miwili kujiandikisha. Katika miaka miwili hiyo familia ziligawana: kaka akabaki na pasipoti ya Uingereza, mdogo wake akajiandikisha uraia. Ndipo ilipoanza ile lawama ya mguu mmoja ndani, mmoja nje, na kwa baadhi yao ilikuwa kweli.

Ila ikaja Sheria ya Kutwaa Majengo ya 1971. Nayo haikutaja rangi. Ilitaja shilingi 100,000: jengo la thamani zaidi ya hiyo, kama limepangishwa, linachukuliwa, na likiwa na zaidi ya miaka 10 hakuna fidia. Nimelifikiria sana tarakimu hilo. Mwaka 1971 nani alikuwa na ghorofa la kupangisha mjini? Karibu wote walikuwa Wahindi. Na aliyejiandikisha uraia 1962 alipoteza sawasawa na aliyebaki na pasipoti ya Malkia. Uaminifu wake haukumwokolea hata chumba. Mwaka uliofuata Idi Amin akawafukuza wa Uganda. Hapo ndipo baba wengi walipoanza kuwaambia watoto wao wakasome Kanada na wasiharakishe kurudi. Naelewa pia upande wa pili wa sheria ile: familia za Waafrika ziliingia kwenye fleti za Msajili wa Majumba, chombo cha serikali kilichosimamia majengo yaliyotwaliwa, na kwa wengi ndiyo mara ya kwanza Mswahili na Mhindi walipanda ngazi moja. Faida hiyo ni kubwa. Lakini alilipa nani, na aliambiwa nini baada ya kulipa?

Rudi kwenye lile faili. Aliyejiandikisha kabla ya Desemba 1963 ana cheti cha uraia, anakionyesha. Mzee wangu hana, kwa sababu hakuhitaji: yeye na baba yake wote wamezaliwa hapa, sheria ilimfanya raia akiwa amelala. Kwa hiyo mwenye mizizi mirefu zaidi ndiye anayebeba vyeti vya vizazi viwili kuthibitisha alichopewa bila kuomba. Bibi yangu alikufa bila cheti chochote cha kuzaliwa, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

Adhabu ya amri hii kwa mgeni ni faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo hadi miezi sita. Ni nzito, na inastahili ushahidi wa kweli. Basi swali la uraia liulizwe mara moja, kwenye ofisi ya leseni, na mtu anayejua kusoma hati. Leseni ikishatundikwa ukutani, mpita njia hana mamlaka ya kufungua kesi upya. Na walio upande wa ndani wa kaunta nao wana deni ambalo hakuna amri itakayowalipia: kikombe cha dada kiingie kabatini pamoja na vingine.

Nilichukua doti nne. Mzee akapunguza elfu mbili kwa ajili ya msiba, akauliza shangazi tumemzika wapi. Nikamwambia Kisutu. Akasema baba yake yuko hapo hapo.